Kabla ya Kukalia Kiti: Ushauri kwa Anayetaka Celica ya Zamani Ufipa

Wafipa wana simulizi la Milanzi. Mfalme wa Milanzi alipokuwa akiondoka kwenda mbali alimwonya mkewe kwamba akija mgeni yeyote, asimruhusu kukalia kiti cha kifalme. Wakaja wanawake wageni. Mke akaingiwa na hofu, akawapa kiti. Mfalme aliporudi, nchi ilikuwa imekwisha kupata wenyewe wengine: ukoo wa Watwa ukatawala Ufipa, na Milanzi ikabakiwa na heshima yake ya mila. Mwanaanthropolojia Roy Willis alilichambua simulizi hilo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu historia ya Ufipa.

Anayekwenda kutazama gari la spoti la zamani linalouzwa afikirie sana habari ya kile kiti. Magari ya aina hii huuzwa na kiti. Mtu akishainama akaingia, akanyoosha miguu chini ya deshibodi yenye saa za mviringo, akashika usukani na kuiona boneti ndefu mbele yake, macho yake hayarudi tena kwenye kutu. Muuzaji mzoefu analijua hilo, ndiyo maana neno lake la kwanza huwa, "Ingia, lijaribu." Jibu zuri ni kuomba jeki.

Gari linalozungumziwa hapa ni Toyota Celica ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1970. Ile yenye injini ya cc 1,588 hujulikana kwa namba ya modeli, TA22. Toyota hawakuwaundia matajiri gari hili. Walichukua Carina, gari la kawaida la familia, wakatumia chesisi yake na sehemu nyingi za mitambo yake, wakaivika bodi ya milango miwili yenye mgongo wa kuteremka. Ford walikuwa wamefanya vivyo hivyo Marekani mwaka 1964, walipoijenga Mustang juu ya Falcon. Kijana mwenye mshahara wa kawaida aliweza kuchukua Celica yenye injini ya 2T, na mwenye uwezo zaidi akachukua GT yenye injini ya 2T-G, kamshafti mbili juu na kabureta mbili ubavuni. Mwaka 1973 ikaongezwa ile yenye mlango mkubwa wa nyuma. Jina la Celica liliendelea kwa vizazi saba hadi 2006.

Afrika Mashariki jina hilo linajulikana kwa sababu ya Safari Rally. Björn Waldegård aliipa Toyota ushindi wake wa kwanza wa Safari mwaka 1984 akiwa na Celica, Juha Kankkunen akafuata 1985, Waldegård akarudi tena 1986. Zilipokuja Celica za kuvuta magurudumu manne, zikashinda 1990, 1992 na 1993, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan akaleta ushindi nyumbani. Datsun nao wana hadithi yao, maana Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Violet, gari ambalo ukilitazama haraka ni la mwalimu au la karani.

Historia hiyo ni tamu, na dalali ataileta mezani mapema. Mnunuzi aisikilize kwa heshima kisha aiweke kando. Celica za ushindi zilikuwa za vizazi vya baadaye, zenye turbo, zilizojengwa upya kwa ajili ya mashindano. TA22 inayouzwa Sumbawanga, huku Ufipa, haikushinda Safari, wala bei yake isipande kwa ajili ya Safari.

Bei hupandishwa na mambo mawili, bodi na kadi ya gari. Injini ni ya tatu.

Wanunuzi wengi huanza upande usio sahihi. Hufungua boneti, husikiliza muungurumo, na wakiusikia mzuri hutoa fedha. Lakini injini ya 2T ni ya ukoo wa T, ambao Toyota waliutia ndani ya Corolla, Carina na Corona kwa miaka mingi, na magari hayo yalijaa Tanzania, Kenya na Zambia. Pistoni, ringi, gasketi, pampu ya maji, klachi, vyote hivyo fundi mwenye subira huvipata, kama si Mbeya basi Dar es Salaam, Kariakoo na Gerezani. Injini iliyokufa kabisa hufufuka au hupata mbadala wake kutoka kwa Corolla iliyogongwa. Hakuna Corolla itakayokupa kioo cha nyuma cha Celica. Hakuna itakayokupa bampa yake, taa zake za nyuma, mpira wa mlango wake wala urembo wa chuma unaozunguka madirisha. Vitu hivyo vikikosekana siku ya kununua, mnunuzi ajihesabie kwamba ataviagiza Japani kimoja kimoja kwa bei ya wakusanyaji, au ataishi bila hivyo. (GT yenye 2T-G ina jambo lake: hedi na kabureta zake ni adimu, na huko injini nayo inapanda daraja.)

Hapa ndipo Ufipa inapokuwa na bahati. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,800, mbali na bahari, yenye miezi mirefu ya ukavu na baridi. Bati la gari huzeeka polepole kwenye hali kama hiyo. Gari lililokaa miaka arobaini Tanga, Dar es Salaam au Unguja limepuliziwa chumvi kila siku, na hata likipakwa rangi mpya likang'aa, ndani ya mikunjo ya bati kazi ya chumvi inaendelea. Magari yaliyotoka mikoa ya theluji ya Japani yana ugonjwa uleule, kwa kuwa barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi na chumvi hiyo hurukia tumboni. Kwa hiyo Celica chakavu ya Ufipa, yenye rangi iliyopauka na injini iliyokwama, mara nyingi ni ununuzi bora kuliko Celica inayong'aa ya Pwani. Swali la kwanza kwa muuzaji liwe: gari hili limelala wapi miaka yote hii?

Tuseme gari liko Milanzi, limeegeshwa chini ya bati nyuma ya nyumba, magurudumu yake yakiwa juu ya matofali. Aliyelinunua alishafariki, na anayeliuza ni mjane wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Gari la baba yenu ndilo hilo."

Baada ya salamu na maji ya kunywa, mnunuzi mwenye adabu hafiki moja kwa moja kwenye bei. Huuliza kwa upole, "Mama, mirathi ya mzee ilishafunguliwa? Msimamizi ni nani?" Swali hilo linaonekana zito kwa siku ya kwanza, lakini ndilo linalookoa pande zote mbili. Marehemu hawezi kusaini uhamisho. Kama kadi ina jina lake, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi hatua hiyo huanzia Mahakama ya Mwanzo, baada ya kikao cha ukoo kumpendekeza mtu. Mjane akiuza bila barua ya usimamizi wa mirathi, siku mtoto wa kwanza anaporudi kutoka Dar es Salaam kutakuwa na kesi, na gari litarudi juu ya matofali likisubiri hukumu. Heri mnunuzi amsaidie mama nauli ya kufuatilia mahakamani, akasubiri miezi miwili, kuliko kulipa leo.

Kadi yenyewe isomwe mwangani, neno kwa neno. Namba ya chesisi iliyoandikwa humo ilinganishwe na ile iliyopigwa kwenye chuma, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, na kibati chake. Namba zilizopigwa kiwandani zina kina kimoja na mstari mmoja. Zilizopigwa gerejini huyumba, na pembeni yake bati lina alama za tupa. Kisha namba ya injini. Magari haya yalibadilishwa injini sana, jambo lisilo kosa, ila badiliko lisiloandikishwa litakuwa kikwazo siku ya kuhamisha umiliki. Kama gari bado lina pleti za zamani zinazoanza na TZ, maana yake halikuingizwa kwenye mfumo wa namba za T uliofuata, na kabla ya fedha kutoka mnunuzi aende ofisi ya TRA Sumbawanga na nakala ya kadi aulize kilichomo kwenye kumbukumbu zao. Vivyo hivyo kwa gari lenye asili ya Zambia. Tunduma na Kasesya ni mipaka ya karibu, na gari lililoingia kwa kibali cha muda likabaki moja kwa moja bado lina deni la ushuru, hata kama limekaa miaka ishirini.

Karatasi zikikaa sawa, sasa bati. Zana zinazotosha ni sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, tochi, bisibisi butu na kipande cha boksi la kulalia. Sumaku ipitishwe taratibu kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, sehemu ya chini ya bawa la mbele nyuma ya tairi, chini ya milango, na kizingiti cha mlango chote kwa urefu. Kwenye bati halisi sumaku inashika na kuvuta mkono. Kwenye puti inateleza kama imepita juu ya sahani. Puti nyembamba ya kuziba mkwaruzo haina neno. Puti ya unene wa kidole kwenye kizingiti ni habari nyingine, kwa sababu bodi ya Celica haina fremu tofauti chini yake. Kizingiti ndicho kinachobeba gari.

Zulia liinuliwe. Kama limegandishwa kwa gundi mpya, liinuliwe zaidi. Chini ya kioo cha nyuma kuna mfereji unaokusanya maji ya mvua, nao ukitoboka, maji hushuka ndani ya buti na kukaa kwenye kitako cha tairi la akiba. Basi tairi la akiba litolewe, tochi imulikwe, bisibisi iguse. Trei ya betri nayo, maana asidi imekuwa ikidondoka hapo tangu enzi za Mwalimu. Halafu mnunuzi alale juu ya boksi lake, aangalie mahali nguzo za springi za nyuma zinaposhikana na bodi. Sauti ya bisibisi kwenye chuma kizima ni kali na fupi. Kwenye chuma kilichooza ni nzito, na unga mwekundu unamwagika usoni. Hapo mazungumzo ya bei yanaanza upya, au yanakwisha.

Jambo moja la Ufipa lisisahaulike: panya. Nyumba nyingi huhifadhi mahindi, na gari lililolala karibu na ghala huwa kiota kizuri. Nyuma ya deshibodi na chini ya viti patazamwe kama kuna magunzi, pamba ya kiti na waya zilizotafunwa. Waya zote za Celica ya wakati huo hazifiki ugumu wa gari la kisasa, na fundi umeme mzuri anaweza kuzisuka upya, ila gharama hiyo iingie kwenye hesabu.

Sasa injini, na hapa mwinuko unataka kueleweka vizuri, kwa kuwa gari zuri hukataliwa na gari bovu hununuliwa kwa kutoujua. Kwenye mita 1,800 hewa ni nyepesi karibu kwa moja ya tano kuliko Pwani. Kabureta haijui hilo. Kabureta iliyopangwa Dar es Salaam huendelea kumwaga mafuta ya kiwango cha Dar es Salaam, nayo hewa haitoshi kuyachoma. Gari linatoa moshi mweusi, plagi zinashika masizi, nguvu inapotea, na mtu anasema injini imekufa. Haijafa. Inahitaji jeti ndogo zaidi na taiming iliyosogezwa mbele kidogo. Moshi wa kuogopwa ni wa bluu, wa oili inayoungua, hasa ule unaotoka gari linapoachia mafuta kwenye mteremko kisha likakanyagwa tena.

Kipimo cha kompresheni nacho kisomwe kwa akili. Vitabu vya gereji vimeandikwa kwa mita sifuri. Sumbawanga namba zote zitakuwa chini kwa kiasi kilekile cha hewa, na fundi asiyelijua hilo atapendekeza kufungua injini nzima isiyo na kosa. Linalotazamwa ni ulingano: silinda nne zikikaribiana, ndani ya asilimia kumi hivi, injini ina afya. Moja ikiwa chini peke yake, tone la oili litiwe kwenye tundu la plagi na kupimwa tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Ikibaki palepale, tatizo liko kwenye valvu au gasketi.

Valvu zina historia pia. Tanzania, kama nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara, iliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006. Ile risasi ilikuwa ikilinda viti vya valvu kwenye injini za zamani, na bila hiyo viti laini huliwa kidogo kidogo. Dalili yake ni nafasi ya tapeti inayojibana kila baada ya muda mfupi. Muuzaji aulizwe tapeti zilirekebishwa lini na mara ngapi. Dawa ni hedi kuwekwa viti vigumu kwenye karakana ya kuchonga, kazi ya mara moja.

Miadi ya kusikiliza injini iwekwe alfajiri, ikiwezekana Juni au Julai, baridi ya Ufipa inapouma. Mnunuzi akifika, kabla hajasalimia sana, aweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya baridi, vema. Ikiwa ya uvuguvugu, gari lilipashwa moto kabla yake, na aulize kwa nini. Halafu mfuniko wa rejeta ufunguliwe injini ikiwa bado baridi: maji yenye rangi ya maziwa au mafuta yanayoelea ni gasketi ya hedi. Na mfuniko wenyewe uwe na mpira mzima. Sumbawanga maji huchemka kwenye nyuzi takriban 94, si 100, hivyo mfumo wa kupoza unautegemea mfuniko ule kuliko ilivyo Pwani. Magari mangapi yamepikwa vichwa vya silinda kwa mfuniko uliochoka!

Barabara ya kujaribia ipo, nayo ni nzuri. Ile ya Sumbawanga kwenda Tunduma, kilomita zipatazo 224, ilitiwa lami kwa fedha za shirika la Marekani la MCC, na ndiyo iliyofanya gari la chini kama Celica liwe na maana tena ukanda huu. Kipande cha kuelekea Laela kinatosha. Gari liachwe liende kilomita sabini au themanini kwa saa, mikono ilegezwe kidogo kwenye usukani: likivuta upande, ama tairi, ama breki inashika, ama bodi ilipinda siku moja. Gia ya pili iingizwe haraka. Ikikwaruza, sinkro zimekwisha. Mlio wa kuvuma unaobadilika mguu unapoachia mafuta unatoka kwenye difu. Asiwepo wa kumshawishi mnunuzi kulijaribu gari lililolala miaka kumi kwenye mteremko wa Ntendo kwenda Muze, bondeni Rukwa, hadi hozi za breki na silinda zake ziwe mpya. Mpira wa hozi huoza ndani kwanza, na nje unaonekana mzima.

Kuna watakaouliza kama si heri kuagiza moja Japani. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT asilimia 18, na juu yake kuna ushuru wa ziada wa uchakavu kwa gari lililopita miaka kumi, ukiacha tozo ndogondogo na usafiri. Celica za kwanza huko nazo zimepanda bei, zinagombewa na wakusanyaji wa dunia nzima. Kenya hawaruhusu kuingiza magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka minane, hivyo akiba ya TA22 zilizomo Afrika Mashariki haitegemewi kuongezeka. Iliyoko Milanzi yenye bodi nzima ina thamani kuliko wenyewe wanavyodhani, na mnunuzi muungwana hamwibii mjane kwa kulinyamazia hilo. Atoe orodha ya fundi, yenye kila kasoro na gharama yake, aiweke mezani mbele ya mama na msimamizi, wapunguze pamoja kutoka bei ya gari zima. Bei inayopatikana hivyo haina manung'uniko.

Malipo yapite benki. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, nakala ya barua ya mirathi iambatanishwe, na uhamisho TRA uanze wiki hiyohiyo. Bima ndogo itatosha mwanzoni, kwa kuwa bima kubwa ya gari la umri huu itahitaji tathmini kwanza.

Mwezi wa kwanza ni wa mipira na majimaji. Oili zote zimwagwe, ya injini, giaboksi na difu. Tanki lishushwe lioshwe, kwa sababu petroli ya zamani huacha gundi na kutu chini yake, na uchafu huo utaziba kabureta kila wiki. Tairi zisomwe ubavuni kwenye alama ya DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka, hivyo 3211 ni wiki ya 32 ya mwaka 2011, na tairi hiyo haifai barabarani hata kama kashata zake ni ndefu. Ringi za inchi 13 bado hupatiwa tairi, zile za magari madogo.

Mwisho kabureta ipangwe hapohapo Sumbawanga, kwa jeti ndogo. Zile kubwa zisitupwe. Zitiwe kwenye bahasha iliyoandikwa, zikae ndani ya droo ya deshibodi pamoja na bisibisi inayozitosha, na siku gari litakapokwenda Dar es Salaam, zirudishwe Iringa mjini, kabla ya kuuanza mteremko wa Kitonga.